Nionyeshe Cheche

Msikilizaji wangu, leo nazungumza hasa na wewe uliye uani saa hizi, mlango wa gari uko wazi, ufunguo mkononi, na injini inazunguka bila kushika.

Asubuhi za Eldoret tunazijua. Mji wetu umekaa mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya mwezi wa Julai baridi huingia hadi kwenye mifupa. Vioo vya magari huwa vimetanda umande. Ukipita Kapsoya, ukapita Kimumu, ukashuka hadi Langas, utasikia sauti ile ile kila mtaa: stata inalia, inalia, mwishowe inachoka. Halafu mlango unafungwa kwa kishindo, na mtu anaita, "Vijana, hebu nisukumieni!"

Leo nataka tuzungumze kuhusu moto unaowasha injini ya petroli: unatoka wapi, unapita wapi, na unakwama wapi. Nina neno moja tu la kukuachia, na nitalisema mapema ili ulishike tangu mwanzo. Usinunue kifaa chochote kabla ya kuonyeshwa mahali moto ulipokatikia. Mwambie fundi: nionyeshe.

Neno hilo nililipata kwa gharama. Nilikuwa na Corolla ya zamani, ya kabureta na distributa, iliyonipeleka miaka mingi kwenye shule ninayofundisha. Msimu mmoja wa baridi ikaanza kukataa kuwaka asubuhi. Nikaipeleka gereji, nikaambiwa betri imekufa. Nikanunua betri. Ikawaka siku mbili, ya tatu ikagoma. Nikarudi, nikaambiwa plagi zimekwisha. Nikanunua plagi nne. Wiki iliyofuata nikaambiwa koili imeungua, nikanunua koili. Pesa za karo nilizokuwa nimeweka kando zikaanza kumegwa, na gari bado linasukumwa na wanafunzi wangu kila jioni. Aliyeniuzia alikosa kwa kutopima, nami nilikosa kwa kulipa bila kuuliza.

Rafiki akanielekeza kwa mzee mmoja fundi, mwenye kibanda cha mabati kule Langas. Mzee akafungua boneti, akaangalia kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, betri ni mpya, plagi ni mpya, koili ni mpya. Kabla hujanunua, ulionyeshwa nini?"

Sikuwa na jibu.

Akachomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya injini chuma kwa chuma, akaniambia nikae kwenye usukani nipige stata huku nikichungulia. Nikaona cheche. Ilikuwa nyekundu, hafifu, kama ncha ya sigara inayokaribia kuzimika. Akatoa kipima umeme, akagusisha waya mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye mwili wa injini. "Piga tena." Nikapiga. Kipima kikaonyesha volti 2 na zaidi. Akaniambia, "Hapa haitakiwi ifike hata nusu volti. Umeme wako unapotelea njiani."

Akaingia chini ya gari. Alipotoka, mkononi alikuwa na ule waya mpana wa kusuka unaounganisha injini na bodi. Ulikuwa umeoza, umegeuka kijani, na nyuzi zilizobaki zima zilikuwa chache. Akakata waya mpya, akakwangua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, akakaza nati. "Sasa piga, mwalimu." Ile plagi iliyolala juu ya injini ikatoa cheche ya buluu, kavu, yenye mlio: ta, ta, ta! Mzee hakueleza zaidi. Akasema tu, "Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Waya wa bei ndogo kabisa ndio ulionigharimu betri, plagi na koili.

Sasa, msikilizaji, tuufuate moto huo hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata mfereji wa maji shambani kutafuta mahali ulipoziba.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: hewa, mafuta, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Moja ikikosekana, hakuna safari. Cheche huanzia kwenye betri, na betri ya gari dogo hutoa volti 12 tu. Volti 12 haziwezi kuruka hata upenyo wa unywele. Lakini ndani ya silinda, pale ambapo hewa na petroli vimebanwa na pistoni, umeme unatakiwa kuruka pengo la karibu milimita moja. Kazi hiyo inadai volti 20,000, pengine 30,000 au zaidi. Volti 12 zinageukaje kuwa 30,000?

Jibu liko kwenye koili. Mwaka 1831, Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Koili ya gari ni ugunduzi huo uliofungwa ndani ya kopo. Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma. Wa kwanza ni mnene, una mizunguko kama 200. Wa pili ni mwembamba kama uzi, una mizunguko kama 20,000. Umeme wa betri unapopita kwenye waya mnene, kiini kinakuwa sumaku. Kisha umeme huo unakatwa ghafla. Ile sumaku inaanguka kwa kasi, na kuanguka kwake kunazalisha volti 300 hivi kwenye waya mnene. Kwenye waya mwembamba, wenye mizunguko mara 100, zinatoka volti 30,000.

Zingatia jambo hili, maana wengi huliona kinyume: cheche huzaliwa umeme unapokatwa, si unapowashwa. Kwa hiyo yule anayekata lazima akate kwa kasi na kwa usafi. Kwenye magari ya zamani, mkataji alikuwa platini, vijino viwili vya chuma ndani ya distributa, vinavyofunguka na kufunga kwa kusukumwa na shafti. Pengo lake ni kama milimita 0.4. Kando yake hukaa kondensa, inayomeza umeme usiruke kwenye platini na kuzichoma. Mpango huu wa betri, koili na platini uliletwa na Mmarekani Charles Kettering, na magari ya Cadillac yakaanza kuutumia mwaka 1910. Ulidumu zaidi ya miaka 60. Zile Peugeot 504 zilizokuwa zikipakia abiria kwenda Nairobi, zikipanda Burnt Forest na Timboroa usiku wa manane kwenye ukungu, ziliendeshwa kwa mpango huo huo. Na gari hilo hilo la 504 ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwenye matope na vumbi la nchi yetu. Mtambo wa cheche ukitunzwa, huvumilia mengi.

Kutoka kwenye koili, umeme mkali ulirudi kwenye distributa. Humo, rota huzunguka kama mshale wa saa na kuigawia kila plagi zamu yake. Kifuniko cha distributa kikipata ufa, au kikiingiwa na unyevu, umeme hutafuta njia ya mkato na kupotea. Ndiyo maana gari la aina hiyo linaweza kuwaka vizuri mchana na kukataa kabisa alfajiri yenye ukungu. Fungua kifuniko, kipanguse kwa kitambaa kikavu, kitazame kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba mweusi kama njia ya siafu, hiyo ndiyo njia ya mkato. Kifuniko hicho hakina dawa, ni kubadilishwa.

Magari ya siku hizi yameiondoa distributa. Chukua Probox, gari linalotubeba kwenda Iten, Kapsabet na Turbo. Injini yake ya lita 1.5 ina koili nne, kila plagi na koili yake iliyokaa juu yake kama kofia. Platini hakuna. Anayekata umeme ni kompyuta, na anayeiambia kompyuta ikate saa ngapi ni sensa inayosoma mzunguko wa mtaimbo wa injini. Sensa hiyo ikifa, cheche zote hufa pamoja nayo. Ina tabia moja ya kukumbuka: mara nyingi huanza kuugua injini ikiwa moto. Gari linazima barabarani, unangoja nusu saa injini ipoe, linawaka kama kwamba hakuna kilichotokea. Ukiona hivyo, usikimbilie betri. Mtaje mshukiwa huyu kwa fundi wako.

Na kuhusu wakati: cheche haingoji pistoni ifike juu kabisa. Petroli huchukua muda mfupi kuungua, kwa hiyo cheche hutangulia kidogo, na kadiri injini inavyokimbia ndivyo inavyozidi kutangulia. Ikitangulia kupita kiasi, injini inagonga, utasikia sauti kama ya misumari kwenye kopo unapopanda kilima. Ikichelewa, gari linakosa nguvu na ekzosi inapata joto kali. Hiyo ndiyo taimingi wanayoitaja mafundi.

Ili uone ukubwa wa kazi hii, tupige hesabu kidogo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupigwa cheche mara moja katika mizunguko miwili. Hiyo ni mara 1,500 kwa dakika, au mara 25 kwa sekunde. Silinda nne zote, cheche 100 kila sekunde. Kutoka hapa mjini hadi Nakuru ni mamia ya maelfu ya cheche. Plagi inayofanya kazi hiyo inastahili kuangaliwa.

Basi tuiangalie. Siku ile Langas, mzee alizichomoa plagi zangu zote nne, injini ikiwa imepoa, akazipanga juu ya tambara kwa mpangilio wa silinda zake. Akasema, "Plagi ni ulimi, mwalimu. Daktari hukwambia toa ulimi." Nami tangu siku hiyo nimejifunza kuusoma. Ncha ikiwa na rangi ya udongo wa kikahawia au kijivu hafifu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi, kavu, yenye masizi yanayopanguka kwa kidole, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi yenye unyevu wa kuteleza, oili inapenya kutoka kwenye ringi au vali, na hapo plagi mpya haitakuponya. Ikiwa nyeupe kama chokaa, na kauri yake ina malengelenge, injini inapata joto kupita kiasi au petroli ni haba. Ikiwa imelowa petroli mbichi, basi mafuta yalifika lakini moto haukufika.

Zangu zilikuwa nyeusi, kavu. Mzee akaniuliza kabureta ilisetiwa wapi. Nikamwambia gari nililinunua Mombasa. Akatikisa kichwa. Huku juu kwetu hewa ni nyepesi: kila pumzi inayovutwa na injini ina hewa pungufu kwa karibu humusi moja ukilinganisha na pwani. Kabureta iliyosetiwa Mombasa haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli ile ile, na ziada hugeuka masizi juu ya plagi. Magari ya kompyuta hupima hewa na kujirekebisha yenyewe, ya kabureta yanahitaji mkono wa fundi. Kama una gari la zamani lililotoka pwani, hii ni kazi ya kwanza ya kufanya ukifika huku kwetu Uasin Gishu.

Kuna sababu nyingine ya masizi ambayo haina uhusiano na kabureta, nayo inatuhusu wengi wetu tunaoishi karibu na kazi zetu. Ncha ya plagi hujisafisha yenyewe ikifika joto la nyuzi 450 hivi. Chini ya hapo, masizi hubaki. Ukiwasha gari Kapsoya, ukafika mjini, ukazima, ukarudi jioni, ukazima tena, na ukaishi hivyo mwezi mzima, plagi haipati nafasi ya kujisafisha. Mara moja kwa wiki lipe gari mwendo mrefu kidogo, hata hadi Turbo na kurudi. Unalisafisha koo.

Plagi za kawaida, zenye ncha ya nikeli, zibadilishe kati ya kilomita 20,000 na 30,000. Zile za platinamu au iridiamu zinaweza kufika 100,000. Lakini hapa pana mtego. Magari yetu mengi huja yametumika, kutoka Japani, na sheria ya Kenya inaruhusu yasizidi miaka 8. Gari likifika kwako, hujui plagi zilizomo zimetembea kiasi gani. Anza hesabu yako upya: zichomoe, zisome, ukiwa na shaka weka mpya, andika tarehe na kilomita kwenye kijitabu cha gari.

Unaponunua, fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, usifuate kufanana kwa umbo. Namba hiyo ina habari ya joto la plagi, na kila mtengenezaji ana lugha yake: kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Ukilinganisha namba za kampuni mbili kwa macho, utakosea. Na jihadhari na bandia. Kenya imekuwa na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, lakini sheria haiwezi kusimama kaunta badala yako. Tazama maandishi kwenye kauri kama ni safi. Tazama kama ncha ya kati imekaa katikati. Plagi inayoitwa ya iridiamu yenye ncha nene kama msumari, hiyo imekudanganya jina. Nunua kwa mtu mwenye duka la kudumu, atakayekupa risiti na utakayemkuta kesho.

Kwenye kufunga, zungusha plagi kwa mkono kwanza hadi ikae. Ikikataa mkononi, usiilazimishe kwa spana, utaharibu uzi wa kichwa cha injini, na hapo gharama ni nyingine kabisa. Ikikaa, plagi mpya yenye washa inataka kama nusu mzunguko tu wa spana. Pengo lipime. Za magari ya platini huwa kama milimita 0.7, za magari ya kisasa hukaribia 1.1. Za iridiamu usizipige brashi ya waya wala kuzigonga kuzirekebisha, ncha yake ni nyembamba mno.

Turudi kwenye betri, maana huko ndiko asubuhi zetu nyingi huharibikia. Baridi huipunguzia betri nguvu na kuifanya oili ya injini kuwa nzito, kwa hiyo stata inadai zaidi wakati betri ina kidogo. Stata ikimeza umeme wote, koili inabaki na makombo, na cheche inadhoofika wakati ule ule inapohitajika zaidi. Ndicho kilichonipata mimi kwa sababu ya waya uliooza. Kipima umeme cha kawaida kitakuambia ukweli. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Stata ikizunguka, isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.5, la sivyo jenereta ya gari haichaji, na betri mpya nayo itakufa vile vile.

Vichwa vya betri vikitoa ule unga wa kijani au mweupe, usivigonge kwa nyundo. Zima gari, fungua hasi kwanza, kisha chanya. Koroga magadi ya kupikia kwenye maji ya moto, osha hadi povu liishe, kausha, piga msasa, kaza, paka grisi. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Ni kazi ya dakika 15, na magari mangapi yamesukumwa kwa kukosa dakika hizo!

Jambo jingine ni maji. Tunapenda gari safi, na vijana wetu wa kuosha magari wanafanya kazi ya halali. Lakini ukiwaambia waoshe na injini kwa ile mashine ya maji ya nguvu, maji huingia kwenye mashimo ya plagi, yanatuama chini ya koili. Kesho yake gari linatetemeka, taa ya injini inawaka, na wewe unauziwa koili. Ukitaka injini safi, ipanguswe kwa kitambaa. Maji yakishaingia, chomoa koili, puliza mashimo kwa hewa, acha vikauke. Mara nyingi hutalipa zaidi ya hapo.

Na kama kweli koili moja imekufa, ipo njia ya kuonyeshwa. Gari linamisi, mashine ya kusoma kompyuta ya gari inasema silinda ya pili. Mwambie fundi azime gari, ahamishe koili ya silinda ya pili aiweke kwenye ya tatu, na ya tatu ailete kwenye ya pili. Awashe, asome tena. Tatizo likihamia silinda ya tatu, koili ndiyo yenye kosa, inunue kwa moyo mweupe. Likibaki kwenye ya pili, koili haina hatia. Tazameni plagi, nozeli ya mafuta, au nguvu ya mgandamizo. Hilo linachukua dakika 10 na halihitaji kununua chochote. Lakini usiache gari limisi wiki nzima ukisema litajiponya. Petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye ekzosi, ndani ya ule mtungi wa kusafisha moshi, na mtungi huo bei yake inaweza kununua koili zote nne.

Mwisho wa njia ni mwanzo wake, yaani ufunguo. Swichi ya gari ni kifaa cha umeme chenye visahani vidogo ndani, hakikuumbwa kubeba funguo za nyumba, za duka, za ghala na kufuli la ng'ombe. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ilianza kuyarudisha gereji magari milioni 2.6 kwa sababu swichi zake zilikuwa legevu: mtikisiko au uzito wa funguo uliweza kuizungusha swichi gari likiwa kwenye mwendo, injini ikazima, na mifuko ya hewa ya usalama isifunguke. Vifo 124 vilihusishwa na kasoro hiyo. Tundika ufunguo wa gari peke yake.

Nalisema hili nikiwa nawaza mteremko wetu wa Iten, unaoshuka kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Bado wapo madereva wanaotoa gia na kuzima ufunguo pale ili kuokoa mafuta. Ndugu yangu, ukizima, breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Usukani unakuwa mzito, na ukizungusha ufunguo hadi mwisho ukauchomoa, usukani unajifunga. Na mafuta unayodhani unaokoa hayapo: gari la kompyuta likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa, hukata petroli lenyewe. Gia ndiyo breki yako ya mteremko. Iache injini iwake.

Kwa wakulima wetu wa Moiben na Ziwa wenye trekta za dizeli, njia yenu ni tofauti. Dizeli haina cheche, hewa hubanwa hadi inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Fundi akikuambia trekta yako ina shida ya koili ya plagi, tafuta fundi mwingine.

Msikilizaji, wapo watakaosema kumwambia fundi "nionyeshe" ni kumvunjia heshima. Mimi naona ni kumheshimu. Fundi anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa, kama mwalimu anavyofurahi mwanafunzi akiinua mkono. Anayekasirika anaogopa kitu. Na vijana wetu wengi wenye mikono mizuri, waliojifunza gereji na waliotoka Eldoret National Polytechnic, wanapokonywa wateja na wale wanaobahatisha, kwa sababu sisi wateja hatujajifunza kutofautisha anayepima na anayekisia.

Siku ile nilipolipa na kuondoka, mzee alinipa ule waya uliooza. "Chukua, mwalimu, ni wako." Nikaupeleka darasani. Kila mwaka, tukifika somo la umeme, nauzungusha kutoka dawati hadi dawati, na wanafunzi wanazishika zile nyuzi za kijani zinazokatika vidoleni. Kisha nachukua betri, koili kuukuu na plagi, nazima taa, tunaitazama ile cheche ya buluu gizani.

Kesho alfajiri gari likigoma, kabla hujamwita wa kusukuma wala hujatoa pochi, mpigie fundi wako, fungueni boneti pamoja, umwambie kwa upole: fundi, nionyeshe cheche.